Mpigie Mjomba

Mtu akikuibia kuku, huenda ukamsamehe. Lakini akikuibia kuku, kisha akaendelea kumwita kwa jina ulilompa wewe, huyo hakuibi tu, anakucheka. Ndivyo Sindano, mpelelezi, alivyoliona jambo lile tangu asubuhi, na ndiyo maana aliingia ofisini kwa Wakili akakataa kiti.

"Soma hapo," akasema, akaweka simu juu ya meza.

Wakili, mshauri wa sheria wa Mtandao wa Wanawake Wajasiriamali wa Teknolojia, alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Kwenye kioo cha simu palikuwa na tangazo la kampuni kubwa. Mama wa makamo amesimama jikoni anatabasamu, na kando yake kijana wa kiume mwenye kofia nyekundu na bisibisi mkononi. Chini yao imeandikwa: *Friji imezima? Mpigie Mjomba.*

"Nimeliona. Mji mzima umeliona. Mpaka mama mkwe wangu kaniuliza huyo Mjomba anatoza kiasi gani."

"Na unajua neno hilo limetoka wapi?"

"Kwa kampuni."

"Limetoka kwa Kitinda," akasema Sindano.

Kitinda ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote kwenye Mtandao, na jina hilo alipewa kwa kuwa ndiye kitindamimba wao. Alikuwa ametengeneza kifaa kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, akakiita Sikio. Unakibandika nyuma ya friji, kinasikiliza mota. Mota ikianza kuhangaika, simu yako inapata ujumbe: *Friji yako imenuna.* Ni kitu cha wenye maduka ya vinywaji, wenye dawa, wenye maziwa, watu ambao friji ikiwageuka usiku, asubuhi wanaamkia hasara.

Kabla Sikio halijaingia sokoni, kampuni ilitoa la kwake, lenye maneno yale yale, kisha ikaandikia Mtandao kwamba Kitinda ndiye mwizi. Jioni hiyo, saa kumi, baraza la watu watatu lingekaa kuamua kama afukuzwe. Na hapo ndipo palipokuwa na kitanzi. Mtandao ukimkana binti yule, kampuni haina hata haja ya kwenda mahakamani. Sikio litabaki kwao, na jina la mwizi litabaki kwake, na nani atamkopesha au kumwajiri mwizi?

"Watu watatu tu ndio waliopewa Sikio ili walijaribu nyumbani au ofisini," Sindano akaendelea. "Mwenyekiti na washauri wawili. Basi mmoja wenu katoa."

"Na umeanza na mimi."

"Nimeanza na aliye karibu na lifti."

Wakili hakucheka. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, anayepanga kalamu zake kwa urefu.

"Miezi mitatu kabla ya tangazo," akasema Sindano, "ulionekana ukiingia makao makuu ya kampuni ile. Ulifuata nini?"

"Nani kasema?"

"Nijibu kwanza."

"Nilitumwa kuomba udhamini wa ukumbi wetu. Nikakalishwa kwenye sofa mpaka miguu ikafa ganzi, nikaambiwa mkubwa hayupo, nikarudi. Haya, nani kasema?"

"Mwenyekiti."

Wakili alivua miwani kabisa. "Mama Mlezi? Lakini Mama Mlezi ndiye aliyenituma."

Sindano hakuandika kitu, kwa sababu huwa haandiki. Aliomba kuonyeshwa friji. Ilikuwa kwenye jiko dogo la ofisi, imejaa chupa za maji na kipande cha keki ambacho kila mtu alidai si chake. Sikio lilikuwa bado limebandikwa nyuma. Akaomba na simu, akafungua programu ya Kitinda, akateremka mpaka mwanzo. Ujumbe ulikuwa mmoja tu: *Friji yako imenuna.*

"Katibu wangu aliacha mlango wazi," akasema Wakili.

"Mwingine hukuufuta?"

"Nilijaribu kuufuta hata huo. Hakuna pa kufutia. Nikamwambia Kitinda, akaniambia, 'Shangazi, kitufe cha kufuta bado sijakitengeneza.'"

Sindano akaufunga mlango wa friji, na safari hii alihakikisha umefunga.

*

Mshauri wa pili alikuwa Injinia, bibi mkavu mwenye karakana nyuma ya nyumba yake, nywele nyeupe, na ovaroli ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Sindano alimkuta ameinama chini ya taa ya mezani, akikitazama kifaa cha kampuni kwa kioo cha kukuzia. Alikuwa amekinunua dukani kama mteja mwingine yeyote, akakipasua.

"Njoo uone upuuzi huu," akasema bila salamu. "Hakifanani na cha mtoto hata kidogo. Cha mtoto kinasikiliza. Hiki kinapima joto tu, kisha kinajifanya kimesikiliza. Ni kama mtu anayekwambia umenuna kwa kukushika paji la uso."

"Kwa hiyo hawakunakili kifaa?"

"Wangenakili, wangetengeneza kitu cha maana. Hawa kifaa hawajawahi kukishika. Wameonyeshwa simu, wakaona ujumbe unavyokuja na maneno yake, wakaenda kutengeneza kitu cha kutoa maneno hayo hayo. Wameiba mdomo wakaacha sikio."

Hiyo ilikuwa habari mpya, na ilikuwa nzuri. Lakini Sindano hakuitwa Sindano kwa ajili ya wembamba wake peke yake.

"Bibi, umejuaje ndani ya kifaa cha Kitinda kukoje?"

Injinia akazima taa ya mezani. Akaiwasha tena.

"Aliniambia."

"Aliniapia kwamba hajawahi kumwonyesha mtu ndani. Alisema mkikiona mtamcheka, amekiunganisha kwa gundi ya viatu."

Yule bibi akavuta droo, akatoa kifuniko cha chupa ya jamu. Ndani yake kulikuwa na skrubu, nyaya nyembamba, na kipande cha plastiki chenye gundi ya viatu.

"Nilikifungua siku ile ile aliyoniletea," akasema. "Sikufika hata jikoni. Nilitaka kuona tu, halafu nirudishe. Sasa kurudisha ndio ikawa kazi. Miaka yangu yote hii ya ufundi, nimeshindwa na gundi ya viatu. Akiniuliza kinaendeleaje namwambia vizuri sana mjukuu wangu, friji yangu haijawahi kuwa na furaha kama sasa."

Sindano alijikuna pua ili asicheke.

"Kwa hiyo kwenye friji yako hakikuwahi kukaa."

"Hata dakika moja. Na usimwambie mtoto."

"Basi wewe umetoka," akasema Sindano. "Sikiliza nikwambie aliyoniambia Kitinda leo asubuhi. Yale maneno, Mpigie Mjomba, hakuyaweka kwenye maelezo yake yoyote. Aliyaandika kwa utani. Ana mjomba wake kweli, kaka wa mama yake, fundi wa mafriji. Ujumbe huo hauji mpaka friji ikae kimya siku mbili mfululizo, ili umeme ukikatika usiku mmoja usikusumbue. Alikuwa aufute kabla ya kuuza, akasahau. Kampuni wameudaka wakadhani ni ubunifu wa hali ya juu, wamewashonea mafundi kofia."

"Wajinga," akasema Injinia. "Na mjomba mwenyewe?"

"Mjomba hana kofia. Sasa, kama kampuni walionyeshwa simu, basi simu hiyo ilikuwa na ujumbe wa Mjomba. Simu ya Wakili haina. Yako haikuwahi kupata hata mmoja."

Injinia alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wengi, na hesabu hii ilikuwa na jibu moja. Akakaa kwenye kiti chake cha chuma.

"Usiniambie," akasema. "Mama Mlezi ndiye aliyeniingiza kwenye Mtandao huu. Ndiye aliyetuingiza sote."

*

Ukumbi wa Mtandao ulikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na kila ukipanda ngazi harufu ya rangi inapanda nawe. Kitinda alikuwa peke yake, anapanga viti. Kikao cha kumfukuza yeye, na yeye ndiye anakipangia viti, kwa kuwa kila kikao hupangwa viti na mdogo, na hakuna aliyekumbuka kumwambia leo apumzike.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Acha hivyo viti, kaa."

Alikaa pembeni kabisa ya kiti, mikono katikati ya magoti. Alikuwa na macho ya mtu aliyelia akamaliza.

"Umempata?" akauliza. "Ni Wakili?"

"Kwa nini Wakili?"

"Mama alisema huenda ni Wakili. Alisema tusimhukumu, lakini nijiandae."

Sindano alivuta kiti akakaa mbele yake. "Huyo Mama unayemtaja, si mama yako mzazi."

"Mama Mlezi. Nimekaa kwake mwaka mzima, shangazi. Nilipokuja hapa nilikuwa na begi moja na kompyuta iliyovunjika bawaba. Alinipa chumba. Sikio nimelitengenezea kwenye meza yake ya kulia chakula, na hakuwahi kulalamika kuhusu gundi." Alitabasamu kidogo. "Hata jina la Kitinda ni yeye aliyenipa. Alisema, 'Sikuzaa wa mwisho, basi wewe ndiye wa mwisho wangu.'"

"Friji yake iliwahi kuzima?"

"Ya Mama? Ile haizimi. Ni mpya kuliko mimi."

"Siku mbili mfululizo. Fikiri vizuri."

"Haiwezi. Labda ichomolewe, na Mama haachi friji imechomolewa hata saa moja, ana dawa zake za sukari mle ndani. Tukisafiri tu ndipo anachomoa. Hapo anachomoa kila kitu, ana hofu ya moto. Kama ule mwezi wa msiba wa kaka yake, alikuwa analia mlangoni na bado ananikumbusha, 'Kitinda, chomoa pasi, chomoa televisheni, dawa tia kwenye chupa ya barafu, usisahau friji.' Nikarudi ndani mimi nikacho—"

Hakumaliza. Sindano hakumsaidia kumaliza.

Chini, dukani, mtu alikuwa anagonga kopo la rangi lifunguke. Kitinda alikuwa akiyatazama mapaja yake kama yana maandishi.

"Mimi ndiye niliyechomoa," akasema. "Sikio lina betri yake. Lilibaki nyuma."

"Mlikaa msibani siku ngapi?"

"Tulizika, tukalala, tukalala tena. Nililala naye mkeka mmoja. Alikuwa hawezi kula, nikamlisha uji kwa kijiko. Shangazi, hapana. Labda mtu alichukua simu yake. Watu walikuwa wengi."

"Alikuja mtu yeyote wa kampuni kutoa pole?"

Msichana angeweza kudanganya. Alikuwa na kila sababu ya kudanganya, na uso wake wote ulikuwa unataka.

"Mkurugenzi wao," akasema mwishowe. "Alisoma na marehemu. Mimi ndiye niliyempelekea kiti."

*

Ofisi ya mwenyekiti ilikuwa nyuma ya ukumbi. Mama Mlezi alimpokea Sindano kwa mikono miwili, akamsukumia kiti kizuri, akammiminia chai kabla ya kuulizwa. Alikuwa na ule uso ambao watu huupa siri zao bila kuombwa. Nusu ya kampuni ndogo za wanawake mjini zilianzia kwenye chumba hiki, na ukutani picha zao zilikuwa zimebanana mpaka karibu na dari.

"Umefikia wapi, mdogo wangu?"

"Karibu na mwisho. Friji yako iliwahi kuzima?"

"Kamwe."

"Naweza kuona programu ya Kitinda kwenye simu yako?"

"Hii ni simu mpya. Ile ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Pole yangu."

"Uliniambia Wakili alionekana kampuni. Hukuniambia kwamba wewe ndiye uliyemtuma."

"Nilisahau. Umri, mdogo wangu."

"Umri haujakusahaulisha kuchomoa friji," akasema Sindano. "Siku ya msiba wa kaka yako, ulimwagiza Kitinda achomoe. Siku mbili baadaye, simu yako ikakwambia umpigie mjomba. Na mkurugenzi wa kampuni alikuwa amekaa kwenye kiti alicholetewa na huyo huyo Kitinda."

Mama Mlezi aliweka birika chini. Hakupinga. Wengine hupinga mpaka mate yawakauke, lakini huyu alikuwa mwanamke mwenye akili, na mwenye akili anajua hesabu ikishafungwa.

"Nilicheka," akasema. "Hilo ndilo lililoanza. Sikuwa nimecheka tangu kaka yangu afe, na simu ikalia, nikasoma *Mpigie Mjomba*. Watoto wa marehemu wamejaa pale uwanjani, mjomba wao kaka wa mama yao anagombana na wapishi, na simu inaniambia nimpigie mjomba. Nikacheka kwa sauti msibani. Yule bwana akaniuliza nini, nikamwonyesha. Ilikuwa kicheko tu, wallahi."

"Na baada ya kicheko?"

"Baada ya arobaini akaniita. Alitaka picha za zile jumbe. Mwenye nyumba alikuwa ametupa notisi, ukumbi unachukuliwa, nimeshamtuma Wakili kuomba udhamini akarudi mikono mitupu. Bwana akasema atadhamini. Sikumpa kifaa. Nilimpa picha."

"Ulimpa maneno ya mtoto."

"Nilidhani atatengeneza kitu kingine kabisa. Sikujua atamwita mwizi." Alionyesha ukuta wa picha. "Waangalie wale. Wapo wangapi pale? Ukumbi huu ukifungwa, anayekuja kesho na begi lake ataenda wapi? Nilimtoa mmoja."

"Ulimtoa aliyelala kwako. Kisha ukamwambia ajiandae, kwamba ni Wakili. Ukamuuma huku unampulizia."

Mama Mlezi alifumba macho.

"Mtoto anajua?"

"Anapanga viti."

Sindano alisimama. Chai yake hakuigusa. "Saa kumi utaongea wewe, au nitaongea mimi. Uamuzi ni wako, lakini kwenye meza ile Sikio litarudi kwa mwenyewe."

*

Baraza likakaa. Wakili upande mmoja, kalamu zake zimepangwa. Injinia upande wa pili, amevaa ovaroli safi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Wanachama walijaa kwenye viti alivyovipanga Kitinda, na yeye mwenyewe alikaa mstari wa mbele, mahali pa mtuhumiwa. Mama Mlezi alisimama katikati. Alishika meza kwa vidole.

"Sikio ni la Kitinda," akasema. "Kalitengeneza nyumbani kwangu, mezani kwangu. Picha zilitolewa na mimi."

Ukumbi uliguna. Mtu nyuma alisema "haiwezekani", akanyamazishwa. Mama Mlezi alieleza yote, msiba, kicheko, picha, udhamini, bila kujificha popote, na Wakili aliandika huku machozi yakidondokea karatasi. Baraza lilipiga kura ya kuandika kwamba Sikio ni mali ya Kitinda, na mikono yote mitatu ilinyanyuka, wa Mama Mlezi ukitangulia.

Imeshaamuliwa. Binti amepata chake. Injinia alikuwa tayari ameanza kupiga makofi.

Mama Mlezi aligeukia mstari wa mbele, akanyoosha mikono miwili, ile ile aliyompokelea Sindano, ile ile aliyompokelea kila mtu.

"Mwanangu," akasema. "Nimekukosea. Sema neno lolote. Nitukane hata."

Kitinda alisimama. Tangu aingie kwenye Mtandao hakuwahi kumwita mwanamke yule kwa cheo chake. Hata mbele ya wageni wakubwa, hata alipoonywa kwamba kikaoni kuna utaratibu wake, kwake alikuwa Mama, na watu walikuwa wameshazoea.

"Nimesikia, Mwenyekiti," akasema. "Tuendelee na ajenda."